Rafiki: Ngano Iliyokataa Mwisho Wake

Katika semina zetu hapa Dodoma kuna maneno tunayoyatamka upesi mno: "Huu si uhalisia, ni hadithi ya watoto." Ndivyo wenzangu kadhaa walivyoihukumu filamu ya Rafiki (2018) ya Mkenya Wanuri Kahiu. Nadhani wamekosea, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Kisa ni chepesi kusimulia. Kena na Ziki, wasichana wawili wa mtaa mmoja jijini Nairobi, wanapendana. Baba zao ni wapinzani wa kisiasa wanaogombea kiti kimoja. Pana gari bovu lililotelekezwa, ambalo kwao ni kama jumba la kifalme. Pana Mama Atim, mmbeya ambaye macho yake hayalali. Aliyemsoma Vladimir Propp (1928) ataitambua mifupa ya ngano mara moja: katazo, kuvunjwa kwa katazo, adhabu, kuondoka, kurejea. Rangi nazo, kuanzia nywele za Ziki hadi taa za usiku, ni za njozi. Kahiu mwenyewe ameupa mtindo huu jina la Afrobubblegum, yaani sanaa ya Kiafrika ya furaha, isiyolazimika kila mara kubeba njaa, vita na UKIMWI.

Sasa, ni ngano ya aina gani? Bibi yangu kule Kongwa alikuwa na hadithi aliyoirudia sana, na bila shaka wengi wenu mliisikia kwa lugha za kwenu: binti anakataa wachumba wote, anamfuata kijana mzuri aliyempenda mwenyewe, kumbe kijana ni zimwi! Anaponea chupuchupu, anarudi nyumbani amenyamaza. Hiyo ndiyo ngano ya onyo. Siku moja nilimwuliza, "Bibi, na kama yule kijana angekuwa mtu kweli?" Akacheka. "Basi isingekuwa hadithi, mjukuu wangu."

Rafiki inaifuata ngano ya onyo hatua kwa hatua. Wapenzi wanafumaniwa, wanapigwa na umati, wanatenganishwa, Ziki anapelekwa London. Tunangoja funzo. Halafu miaka inapita, Kena amekuwa daktari, Ziki anarudi, mkono unagusa bega. Basi! Hadithi fupi iliyozaa filamu hii, "Jambula Tree" ya Mganda Monica Arac de Nyeko (Tuzo ya Caine, 2007), nayo inasimuliwa na anayemngoja mwenzake arejee. Filamu imethubutu kumrejesha.

Kwamba mwisho huo si pambo, ushahidi upo nje ya filamu. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, ikidai inahamasisha usagaji kinyume cha sheria. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadili mwisho, eti una matumaini mno, naye akakataa. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakajaa kumbini Nairobi. Kwa maelezo hayo ya Kahiu, kisa kilekile kingevumilika zaidi kama kingeishia kwenye majuto.

Nakiri upo udhaifu. Mama Atim hana undani, ni ulimi tu, na kurejea kwa Ziki kunakwenda mbio mno. Lakini hiyo ndiyo gharama ya ngano, na Kahiu ameilipa kwa kujua.

Tumezoea kufananisha fani na kikombe, na maudhui na chai. Hapa kikombe nacho kilishtakiwa. Unaweza kuyapinga mapenzi ya Kena na Ziki. Hiyo ni hoja ya maadili na ina uwanja wake. Ila usiseme "ni hadithi ya watoto" ukadhani umemaliza uhakiki. Watoto husimuliwa ngano kwa sababu wakubwa wanajua vizuri mwisho unafundisha nini. Anayeona vinginevyo, na aandike.