Je, Wajua? Tairi gumu si lazima liwe na kasi
Kwenye barabara ya mawe, tairi la baiskeli lililojaa upepo mpaka halibonyei hukupunguzia mwendo. Kila kokoto hulirusha juu, na nguvu ya miguu yako huishia kutikisa mgongo na viganja. Ndiyo maana washindani wa Paris–Roubaix, mbio za Ufaransa zinazopita kwenye njia za mawe, hupunguza upepo kwa makusudi.

Gurudumu la nyuma hubeba uzito zaidi, hivyo lijazwe zaidi kuliko la mbele. Ila usipunguze mno, hasa ukipakia abiria au gunia: tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, itoboke matundu mawili yaliyokaa sambamba. Kwa kawaida kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kitazame kabla ya kushika pampu.