Mkanda ulikatika, nikaumbuka mbele ya mama!

Naomba nikiri mapema, msomaji wangu: pesa ya mkanda niliila. Sikuila kwa chipsi wala bia. Niliila kwa spika.

Ilikuwa Agosti 2022. Dada yangu, ambaye ni nesi, alipokea zamu yake ya upatu, akaongezea akiba yake na kununua gari dogo la mtumba kutoka Japani. Dereva nikawa mimi, maana yeye leseni hana. Fundi wetu wa Gerezani alilikagua, akanivuta pembeni: "Dogo, gari hii imeshapita kilometa laki moja. Badilisha mkanda wa taimingi kabla hujaenda mbali." Dada akanihesabia shilingi 250,000 bila kuuliza mara mbili. Ndivyo alivyoniamini.

Nikafungua boneti kuutafuta huo mkanda, siuoni. Kumbe umefunikwa na kava la plastiki. Gari linawaka kwa mguso mmoja, linavuta kama limetoka kiwandani jana. Nikajisemea, hawa mafundi nao wana njaa zao. Nikapitia Kariakoo, nikarudi na redio na spika mbili za nguvu. Mtaani wakakoma! Dada alipouliza nikajibu, "Tayari, dada."

Wiki tatu baadaye tukawa tunampeleka mama Morogoro, ana miadi ya macho hospitalini. Tumeshapita Mlandizi, muziki uko juu, mara "tak!" Injini ikazima palepale. Nikajikongoja hadi pembeni. Napiga stata, inazunguka nyepesi, "shwiii", kama haina kitu ndani. Nikapiga tena na tena, kama mara kumi. Kumbe ndo nazidi kuharibu.

Dada akampigia fundi, akaweka sauti ya nje.

"Hapo mkanda umekatika. Si nilimwambia dogo abadilishe?"

"Mbona alishabadilisha?"

"Wapi? Kwangu hakuja."

Kimya. Mama akageuka nyuma akazitazama zile spika, akasema taratibu, "Kumbe huo ndio mkanda unaoimba?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Wakasimamisha basi wakaendelea na safari, mimi nikabaki kusubiri gari la kuvuta.

Sasa nikueleze kilichotokea ndani, maana fundi alinionyesha kwa macho. Pistoni zinapanda na kushuka. Juu yake kuna valvu zinazofunguka na kufunga. Katika injini nyingi valvu inashukia nafasi ileile inayopandiwa na pistoni. Hazigongani kwa sababu ya mkanda tu, unaofunga krenkishafti ya chini na kamshafti ya juu: chini ikizunguka mara mbili, juu inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama, valvu nyingine zimebaki wazi, na pistoni bado zinakuja kwa kasi. Ngwala! Kwangu valvu 10 kati ya 16 zilipinda, na pistoni zikachorwa alama kama mwezi mchanga. Ndo maana stata ilikuwa nyepesi: valvu hazifungi, hewa haigandamizwi.

Si injini zote zina ugonjwa huu. Corolla za zamani zenye injini ya 5A zina nafasi ya kutosha; mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mwingine unaondoka. Vitz na IST zinatumia cheni, ila cheni nayo haipendi oili chakavu.

Kama lako lina mkanda, magari mengi ya Kijapani hutaka ubadilishwe kila kilometa 100,000. Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limelala, na kilometa za mtumba zinaweza kurudishwa nyuma. Tafuta kibandiko ndani ya boneti. Mafundi wa Japani huandika tarehe na kilometa za siku ya kubadilisha. Usipokiona, hesabu kwamba haujabadilishwa. Baadhi ya dizeli za Toyota zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ikiwaka usiizibe kwa selotepu! Na ukibadilisha, badilisha na tenshena, na wota pampu kama inazungushwa na mkanda huohuo. Sili zinazovuja nazo, maana oili inaula mpira. Ikikukuta njiani kama mimi, acha stata, ita gari la kuvuta.

Kupasua injini, valvu, gasketi na ufundi vilifika shilingi 1,600,000. Spika niliziuza kwa hasara, zilizobaki nikalipa kwa kubeba mizigo wikiendi, miezi 11. Deni limekwisha. Mama miadi yake aliiwahi, na gari linadunda mpaka leo.

Ila dada, hata akinituma nyanya za mia tano, anadai risiti.