Programu ya Mwaloni na Tarehe ya Makabidhiano

Andiko la mradi wa programu ya kuandikisha samaki huahidi mambo yaleyale. Boti zikifika mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, alfajiri, dagaa na migebuka waandikwe kwenye simu, ushuru ulipwe hapohapo, kibali cha kusafirisha kitoke bila mfanyabiashara kupanda Kigoma mjini. Muda wa kazi aghalabu hufuata mwaka wa fedha, unaofungwa 30 Juni, kuliko ukubwa wa kazi yenyewe.

Katika mipango ndipo muundo huamuliwa, na huamuliwa haraka. Njia moja ni kuijenga programu ikiwa kitu kimoja: usajili, ushuru, vibali na ripoti kwenye hifadhidata moja. Nyingine ni kuigawa katika huduma ndogondogo, kila moja na hifadhidata yake, zikiwasiliana kwa mtandao. Mgawanyo huu ulishika kasi duniani katika miaka ya 2010, kwenye kampuni zenye mamia ya mafundi, ambako kila timu hutaka kurekebisha sehemu yake bila kuisubiri nyingine. Timu ya watu wachache inayojengea wilaya moja hubeba gharama zake bila kuhitaji faida hiyo.

Ujenzi huanza vizuri kwa njia zote mbili. Kwenye mgawanyo, kila kipande hupendeza kikionyeshwa peke yake. Shida huja siku ya kuviunganisha. Ushuru unasomeka umelipwa, huduma ya vibali haina habari, na gunia la dagaa linakaa gatini huku karani akipiga simu. Programu moja huandika malipo na kibali kwa pamoja, au haiandiki hata kimoja. Nayo ina udhaifu wake: rekebisho moja baya laweza kuangusha kila kitu, na isipopangwa vyema ndani, baada ya muda hakuna anayethubutu kuigusa. Hata hivyo, kwa kazi ya mwaloni, naona programu moja yenye sehemu zilizotenganishwa vizuri ndani inatosha.

Lakini mjadala huo humeza muda wa swali lenye uzito zaidi: taarifa zikae wapi mtandao ukikatika? Kutoka Kibirizi boti hupanda kaskazini hadi Kagunga, zikipita vijiji vilivyobanwa kati ya milima na ziwa. Humo, mtandao ukikatika, programu inayosubiri seva ijibu haina kazi. Kufanya kazi bila mtandao ndicho kipengele kinachoachwa kila mara, pamoja na menyu ya nyota na reli kwa wenye vitochi, yaani simu za vitufe. Vyote huandikiwa "awamu ya pili".

Awamu hiyo ikifika, gharama hupanda kwa sababu za kiufundi. Simu mbili zimeandikisha boti moja bila mtandao, ipi ifuatwe? Namba ya risiti iliyokuwa ikitolewa na seva sasa lazima itolewe na simu, bila kugongana na nyingine. Majibu ya maswali hayo hugusa karibu kila ukurasa uliokwisha kulipiwa. Kanuni nazo hubadilika: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mfumo uliodhani kila mwezi una mapato ulihitaji kujua tofauti kati ya sifuri na kufungwa. Kuongeza mafundi kazi ikishachelewa husaidia kidogo, kwani wenyeji wa kazi huacha kujenga wakaanza kufundisha wageni.

Makabidhiano hufanyika ukumbini, kwenye mtandao mzuri. Mwaloni karani ana vidole vilivyolowa maji na magamba, kioo hakimsikii, wauzaji wamemzunguka. Huandika kwenye daftari, kisha mchana huingiza ofisini. Kwa ripoti, mradi umekamilika kwa tarehe. Kwa mchuuzi anayesubiri kibali, bado.

Mkataba unaweza kufunga malipo ya mwisho kwenye jaribio la gatini: simu izimwe mtandao, karani aandikishe boti ya kwanza ya asubuhi, mtandao urudi na taarifa zifike bila kurudiwa, na mama muuza dagaa apate kibali kwa kitochi chake. Sharti hilo likisomwa na mjenzi kabla ya kusaini, kazi ya bila mtandao huhamia mwezi wa kwanza, na ripoti zenye grafu ndizo zinazosubiri awamu ya pili.