Kiwanja na Karatasi: Istilahi Mbili za Uchoraji wa Ramani kwa Kompyuta

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wafasiri, lipo moja ambalo kwa muda mrefu tulilipa jibu jepesi. Wanaoandika miongozo ya uchoraji kwa kompyuta huuliza ziitweje zile sehemu mbili za programu kama AutoCAD: ile ambamo jengo huchorwa, na ile ambamo mchoro hupangwa tayari kwa kuchapwa. Tulikuwa tukijibu kwamba zote mbili ni "mwonekano", wa kwanza wa usanifu na wa pili wa uchapaji. Safari yetu ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ilituonyesha kasoro ya jibu hilo.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Wilaya mpya huhitaji ofisi, madarasa na zahanati, na kila jengo huanza na ramani. Katika ofisi moja tuliyoizuru tulionyeshwa ramani ya darasa lenye urefu wa meta 9. Fundi sanifu aliipanga vema kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100, hata ukuta mrefu ukawa na milimeta 90. Mwenzake aliyepewa kazi ya kuichapa hakuwa na karatasi ya A3. Akatumia A4, na mashine ikaupunguza mchoro wote upate kuenea. Skeli ikawa takribani 1:141, lakini maandishi ya pembeni yakabaki yakisema 1:100. Tarakimu za vipimo zilikuwa zimekuwa ndogo mno kusomeka. Mwashi akaweka rula, akapata milimeta 64 kasoro kidogo, akapiga hesabu yake sawasawa, na akachimba msingi wa meta 6.4. Kosa liligunduliwa upande mmoja ukiwa umekwisha chimbwa.

Tulipomwuliza mchapaji, alitujibu kwamba mwongozo ulimwambia "abadili mwonekano", na yeye alijua mwonekano ni jinsi kitu kinavyoonekana tu; kikionekana kidogo au kikubwa, kitu ni kilekile. Hatusemi kwamba neno peke yake ndilo lililochimba mtaro ule. Lakini hatuwezi kusema kwamba halikushika jembe.

Jambo lenyewe ni hili. Katika sehemu ya kwanza kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takribani kilomita 66, humo hulala na meta zake zote 66,000 bila kupunguzwa hata moja. Hakuna skeli humo, wala haihitajiwi. Skeli huzaliwa katika sehemu ya pili, ambako mchoraji hana budi kuieneza barabara hiyo juu ya karatasi yenye kingo. Kwa skeli ya 1:2000 kilomita moja huwa milimeta 500, nayo karatasi ya A1 ina urefu wa milimeta 841. Kwa hiyo barabara moja itahitaji karatasi nyingi, zote zikiitazama barabara ileile. AutoCAD ilipotolewa mara ya kwanza, Desemba 1982, haikuwa na sehemu hiyo ya pili. Iliipata mwaka 1990. Kabla ya hapo, aliyetaka herufi za milimeta 2.5 kwenye mchoro wa 1:100 alipaswa kuziandika zikiwa na kimo cha milimeta 250, kubwa kama matofali!

Kwa hiyo tunapendekeza sehemu ya kwanza iitwe "kiwanja". Kila mwananchi aliyepata kugawiwa kiwanja anajua kwamba nyumba ya meta tisa hukaa humo kwa meta tisa. Sehemu ya pili iitwe "karatasi", na si "ukurasa", kwa kuwa ukurasa hutupeleka kwenye kitabu, na kurasa za kitabu hufuatana kwa mpango. Karatasi hizi hazilazimiki kufuatana. Juu ya karatasi milimeta ni milimeta, na mwenye kuichapa kwenye karatasi ya ukubwa mwingine ajue kwamba ameivunja skeli iliyoandikwa juu yake.

Taabu kubwa zaidi tuliipata kwa ule uwazi wa pembe nne, uliowekwa juu ya karatasi, ambao kiwanja huonekana kupitia humo. Wafasiri wengi huuita "dirisha". Lakini katika ramani ya nyumba dirisha ni dirisha, lina fremu na nondo. Tena kompyuta yenyewe ina madirisha yake. Agizo la "kupanua dirisha" laweza basi kutimizwa kwa njia tatu, na moja kati yake itamgharimu mwenye nyumba fedha. Tumechagua "kichungulio", kutokana na kitenzi chungulia. Anayeteremka kutoka milima ya Umatengo huchungulia ziwa katika kona za barabara: mara ghuba nzima, mara mtumbwi mmoja. Ziwa halikukua wala halikupungua. Ndivyo kichungulio kimoja kinavyoweza kuonyesha darasa zima kwa 1:100, na cha pili, kwenye karatasi hiyohiyo, kikaonyesha kona ya msingi kwa 1:20.

Kitenzi nacho kina uzito. "Kubadili" humfanya msomaji adhani mchoro ndio unaobadilika, kumbe ni yeye anayehama. Tuandike "kuhamia karatasi" na "kurudi kiwanjani".

Imebaki hali moja inayotutatiza. Mchoraji akiwa kwenye karatasi aweza kubofya mara mbili ndani ya kichungulio, akajikuta anashika vitu vya kiwanjani huku karatasi ingali mbele yake. Akizungusha gurudumu la kipanya hapo, skeli huharibika bila yeye kutambua. Ndiyo sababu wazoefu hukitia kichungulio kufuli mara wanapokwisha kukipimia skeli. Hali hiyo tunaiita kwa sasa "kuingia kiwanjani kwa kichungulio", nayo ni ndefu mno kuandikwa kwenye kitufe. Walimu wa vyuo vya ufundi ambao wanafunzi wao wana neno fupi zaidi watuandikie.