Kwa Baiskeli Katika Mitaa ya Alexandra



Mwezi uliopita tulipata mgeni, binti wa dada yangu anayeishi Uingereza. Kama ilivyo desturi ya vijana wa siku hizi, hakuja kuwaona jamaa tu. Alikuja na orodha ya mambo anayotaka kuyafanya. La kwanza lilikuwa kuutembea mji wa kihistoria akiwa juu ya Segway, kama alivyofanya huko Budapest. Kwa msomaji asiyekijua chombo hiki, ni magurudumu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, kati yake pana kibao cha kusimamia, na mbele mna usukani mrefu. Mpandaji akiinama mbele kidogo, chombo huenda. Akijivuta nyuma, hupunguza mwendo na kusimama. Kilibuniwa na Mmarekani Dean Kamen, kikaonyeshwa hadharani mwaka 2001, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2020. Vilivyobaki hutumiwa zaidi na watalii, ambao hupangwa safu moja nyuma ya kiongozi wao mithili ya vifaranga vya bata. Mji wa Prague uliwachoka, ukapiga marufuku vyombo hivyo katika mitaa yake ya kale mwaka 2016.

Nikamwambia, "Mwanangu, mji wenye historia ulio karibu nasi ni Alexandra, na huko Segway haiendi. Huko wageni hutembezwa kwa baiskeli."

Mama watoto alisikia akiwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi. "Alexandra?" Hakunitazama mimi. Alimtazama kaka yake, shemeji yangu, ambaye ni fundi cherehani, naye alikuwa ameketi sakafuni akikata kitambaa cha kanzu. Shemeji hakuinua uso.

Wasomaji wetu wa Johannesburg hawahitaji kuelezwa. Tarehe 11 Mei 2008 ghasia za kuwapiga na kuwafukuza wageni zilianza Alexandra, zikaenea katika miji mingine ya Afrika Kusini, na zilipotulia watu 62 walikuwa wamekwisha kuuawa, 21 kati yao wakiwa wenyeji wa nchi hii hii. Shemeji alikuwa na kibanda chake cha ushoni huko. Alitoka usiku, kwa miguu, na begi moja, akalala katika kituo cha polisi pamoja na mamia ya watu wengine. Cherehani yake ilibaki. Tangu usiku ule hakurudi, nasi jamaa zake tuliopanga Fordsburg tukawa tunalipita jina la Alexandra kama mtu apitavyo makaburini usiku. Mwezi Aprili 2015, raia wa Msumbiji alipouawa huko mchana kweupe mbele ya mpiga picha wa gazeti, tulifunga mlango na hatukulizungumza hata mara moja.

Jumamosi ilipofika, aliyetangulia kuvaa viatu alikuwa shemeji.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mzaliwa wa Alexandra, mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Alitupa baiskeli na kofia ngumu, akatueleza habari za breki. Mpwa wangu alikuwa amevaa baibui juu ya suruali, na hatukuwa tumekwenda mita mia mbili pindo likaliwa na mnyororo. Kina mama watatu waliokuwa wakiuza mboga kando ya njia waliacha biashara yao wakaja kulinasua, kila mmoja na rai yake. Hatimaye mmoja alitoa mpira wa kufungia mafungu ya mchicha, akalifunga pindo kwenye kifundo cha mguu, akampiga mpwa wangu kibao chepesi cha mgongo, kumaanisha haya, nenda. Kina dada mtakaokwenda, chukueni mpira wenu.

Mji wenyewe una asili ya kushangaza. Mkulima mmoja Mzungu, Papenfus, alipima viwanja katika shamba lake mwaka 1905 akitumaini kuwauzia Wazungu wenzake. Wao waliona ni mbali mno na Johannesburg, wasinunue. Mwaka 1912 mji ukatangazwa kuwa wa Waafrika na machotara, ukapewa jina la mke wake Papenfus. Mwaka uliofuata ikapitishwa ile Sheria ya Ardhi ya 1913 iliyowanyang'anya Waafrika haki ya kununua ardhi karibu nchi nzima. Lakini Alexandra ilikuwa imekwisha kuwapo, ikasalimika. Kwa hiyo mtu mweusi aliweza kuwa na hati ya nyumba yake hapa, kilomita kumi na tatu hivi kutoka katikati ya mji wa dhahabu, wakati ambapo kwingineko alikuwa mpangaji wa serikali au mtumishi wa shambani kwa mtu.

Wenye hati walijenga nyumba, kisha wakajenga vyumba kuuzunguka ua na kuvipangisha. Mtu aliyekulia Kariakoo ya Dar es Salaam au Majengo ya Mombasa ataufahamu utaratibu huo mara moja: mwenye nyumba mbele, wapangaji nyuma, bomba moja, na siri za kila mtu zikianikwa pamoja na nguo zake. Tofauti ni msongamano. Tulipita penye nyua ambazo vyumba vimeota juu ya vyumba hata ua wenyewe ukabaki ujia wa kupita mtu mmoja kwa ubavu.

Katika ua mmoja wa aina hiyo, Barabara ya 7, alipanga Nelson Mandela alipofika Johannesburg mwaka 1941 akiikimbia ndoa aliyopangiwa. Chumba kilikuwa cha uani, paa la bati, sakafu ya udongo, hakina umeme wala bomba. Mandela mwenyewe ameandika kuwa mara nyingine alikwenda kazini kwa miguu ili asalimishe nauli, na kwamba chakula alichopewa na familia ya mwenye nyumba siku ya Jumapili mara nyingi ndicho kilichokuwa chakula chake cha moto cha pekee kwa wiki. Ng'ambo ya pili ya barabara limejengwa jengo la ukumbusho lililobuniwa na msanifu Peter Rich, ambalo sehemu yake inavuka juu ya njia kama daraja. Ni jengo zuri. Lakini mimi lilinishika zaidi lile la mtu kuhesabu nauli. Nani miongoni mwetu hakuhesabu?

Habari za nauli ndizo roho ya Alexandra, na hapo kijana wetu aliteremka kwenye baiskeli ili asimulie vizuri. Mwezi Agosti 1943 kampuni ya mabasi ilipandisha nauli kutoka peni nne hadi peni tano. Watu waliacha kupanda. Siku tisa mabasi yalikwenda matupu, huku maelfu, Mandela akiwa mmoja wao, wakitembea. Nauli ikarudi peni nne. Mwaka uliofuata wakagoma tena, wiki saba. Na mwezi Januari 1957, nauli ilipopandishwa kwa peni ile ile moja, walitembea hadi Aprili. Walitoka usiku wa manane, kilomita kumi na tano hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, wakinyeshewa mvua za masika ya huku. Viongozi wao walikuwa watu kama Alfred Nzo, ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali ya Mandela.

Kilio chao kilikuwa neno moja la Kizulu: Azikhwelwa. Kijana alianza kututafsiria kwa Kiingereza. Shemeji akamkatiza, "Hazikwewi."

Msomaji, litazame neno hilo. Khwela yao ni kwea yetu. Mabasi hayakwewi! Amanzi ni maji, inyama ni nyama, abantu ni watu. Na bado kuna mwaka ambapo watu wa nchi hii walisimamishwa njiani na kuulizwa neno la Kizulu la kiwiko cha mkono, na asiyelijua akahesabiwa kuwa mgeni.

Tuliendelea. Kijana alituonyesha hosteli za ghorofa, ngome za matofali. Kuanzia mwaka 1963 serikali ya ubaguzi ilikusudia kuziondoa familia zote za Alexandra na kuufanya mji mzima kuwa wa mabweni, wanaume mbali, wanawake mbali, wafanye kazi na kulala tu. Nyumba zilinunuliwa kwa nguvu, hati zikafutwa, maelfu wakahamishwa. Kasisi Sam Buti na wenzake walipigana na mpango huo hadi ulipoachwa mwaka 1979. Kijana akataja pia vita vya siku sita vya Februari 1986 kati ya vijana na askari, na mapigano ya mwaka 1991 na 1992 yaliyoufanya mtaa ulio kando ya hosteli ya Madala uitwe Beirut. Kisha akapanda baiskeli na kusema sasa tutakwenda kuuona mto.

Shemeji hakupanda. Alimwuliza kwa Kizulu, kwa adabu, "Na mwaka 2008?"

Kijana alinyamaza. Mpwa wangu alianza kukaza mpira wa pindo lake, ingawa haukuwa umelegea.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba," kijana alisema. "Mama alitufungia ndani. Tulisikia tu. Jumatatu shuleni viti vilikuwa vitupu. Wageni ninaowatembeza hawaulizi, nami siwaambii, kwa kuwa nikiwaambia hilo hawatakumbuka jingine lolote."

"Mimi si mgeni unayemtembeza," shemeji akasema. "Nilikaa hapa miaka sita."

"Naona, baba."

Basi safari ikabadili kiongozi. Shemeji alitangulia, sisi tukafuata, na kijana akawa wa mwisho. Alikata kona tatu bila kusita, akasimama mbele ya ua ambao lango lake nadhani hakulitarajia, kwani aliligusa bati kama mtu apimaye kitambaa. Njiani alikuwa ametusimulia, mimi nikilisikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, kwamba usiku ule mama mwenye ua, Mpedi, alisimama langoni na kuwaambia wale vijana wenye marungu kuwa wapangaji wake wote ni watoto wake, na anayetaka mtoto wake na aanze naye. Waliondoka, wakiapa kurudi. Hapo ndipo alipompitisha shemeji kwa nyuma.

Alitoka mwanamke wa makamo, mwana wa yule mama. Mama mwenyewe alikwisha kufariki, akazikwa kwao Limpopo. Shemeji alisema aliyoyasema. Yalikuwa kati yake na mwanamke yule, nasi tulisogea pembeni. Habari za cherehani hakuziuliza, wala mwanamke hakuzitaja. Tulipewa maji ya kunywa, tukanywa.

Mpwa wangu alikuwa ameniuliza asubuhi ile, "Mjomba, kwani si aibu kulipa fedha kwenda kutazama watu wanavyoishi?" Ni swali la haki, na nadhani jibu linategemea chombo na mwendo. Aliyesimama juu ya Segway huwatazama watu kwa juu, hana jasho, na hapiti penye tope. Mwenye baiskeli huteremka kila penye dimbwi, hupisha gari, husalimu asije akamgonga mtoto. Na akikwama, wenye mtaa ndio wanaomnasua. Zaidi ya hayo, fedha yetu iliingia mkononi mwa kijana wa mtaa, tukaiona ikiingia. Hata hivyo picha hatukupiga ila kwa idhini, na katika ua ule hatukupiga kabisa. Nawasihi mtakaokwenda na watoto mshike utaratibu huo. Jambo jingine: matembezi mengi husimama penye kilabu cha pombe na penye mkate uliojazwa viazi na nyama isiyojulikana ilivyochinjwa. Mwambieni kiongozi mapema, atawapitisha kwingine bila kinyongo.

Mto Jukskei tuliuona mwishoni. Si mto wa kusifiwa. Vibanda vya Setswetla vimeshuka hadi ukingoni, na mafuriko ya Novemba 2016 yaliwazoa watu na mali zao. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyolala, yakibeba mifuko ya plastiki. Kijana alitueleza kuwa Jukskei huingia mto Crocodile, nao huingia Limpopo, na Limpopo humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, pwani ya Msumbiji. Shemeji, ambaye ni mtu wa Tanga, aliyatazama kwa muda. "Haya," alisema, "yatafika baharini kabla yangu."

Adhuhuri ilitukuta njiani, tukaswali Marlboro Gardens, mtaa wa jirani uliotengewa Wahindi zama za ubaguzi, ambako misikiti ipo. Kijana alitusubiri nje akizilinda baiskeli. Tulipotoka alikuwa ameketi ukutani, na shemeji akayaona mapindo ya suruali yake, yamefumuka pande zote mbili na kuliwa na mnyororo. Akamwuliza anazo nyingine ngapi za namna hiyo. Kijana akacheka, akasema mbili.

Alizileta Fordsburg Jumatano iliyofuata, akala wali kwetu. Suruali zimekwisha kushonwa. Na mama watoto ameuliza kama kuna baiskeli ya mtu mnene.