Watu Wangapi Watosha Kupima Dawa?

Nataka kuwaeleza hesabu moja ambayo wengi hawaijui, ingawa maisha yetu huitegemea. Ni hesabu ya kujua idadi ya wagonjwa wanaohitajika ili dawa ipimwe kwa haki.

Kwetu Namuwongo, mtu akipona homa baada ya kunywa maji ya mululuza, jioni ile ile majirani huanza kuchuma majani hayo. Sisemi kwamba mululuza ni mbaya. Nasema kwamba mtu mmoja si ushahidi, maana homa nyingine hupoa zenyewe. Ndiyo sababu madaktari huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa wapate dawa mpya, na hawa matibabu ya kawaida. Kura haina upendeleo. Lakini kura peke yake haitoshi. Lazima watu wawe wengi kadiri ipasavyo.

Tuseme ugonjwa fulani huua watoto 15 katika kila 100, nasi twatumaini kwamba dawa mpya itapunguza vifo viwe 10. Tukichukua watoto 20 kila upande, twatazamia vifo 3 huku na 2 huku. Nani atajua kama kifo kimoja kimezuiwa na dawa au ni bahati tu?

Basi kabla ya kuanza, mtafiti huamua mambo mawili zaidi. Kwanza, yuko tayari kudanganyika mara ngapi, aone tofauti isiyokuwapo? Desturi ni mara 5 katika 100. Pili, ikiwa tofauti ipo kweli, ataka aigundue mara ngapi? Wengi husema mara 80 katika 100. Maamuzi hayo mawili hutupa namba 7.85. Sasa zidisha 0.15 kwa 0.85, upate 0.1275, zidisha 0.10 kwa 0.90, upate 0.09. Jumlisha: 0.2175. Zidisha kwa 7.85, kisha gawanya kwa tofauti ya 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe, yaani 0.0025. Jibu ni watoto 683 kila upande. Na kama dawa ingepunguza vifo hadi 12.5 tu, wangehitajika karibu 2,975 kila upande! Tofauti ikiwa ndogo, watu lazima wawe wengi sana.

Hesabu hii si ya ubaoni tu. Mwaka 2009 jaribio liitwalo FEAST lilianza katika Afrika Mashariki, nalo likaendeshwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, Kilifi huko Kenya, na Muheza huko Tanzania. Watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walitiwa upesi mshipani maji ya chumvi, wa pili maji yenye albumini, na wa tatu hawakutiwa maji ya haraka. Wote walipata matibabu mengine. Watafiti walikuwa wamepanga watoto 2,880, wakidhani 15 katika 100 wangekufa. Vifo vilipokuwa pungufu kuliko walivyodhani, waliongeza idadi hadi 3,600.

Wengi waliamini kwamba maji ya haraka huokoa. Januari 2011 kazi ilisimamishwa, maana ilionekana kinyume chake. Kati ya watoto 3,141, katika saa 48 walikufa 111 kati ya 1,050 wa albumini, 110 kati ya 1,047 wa maji ya chumvi, na 76 tu kati ya 1,044 wasiotiwa maji ya haraka. Daktari mwenye watoto 30 kila upande angeona vifo 3 huku na 2 huku, asitambue lolote, na desturi ile ingeendelea. (Watoto wenye kuhara hawakuingizwa katika jaribio hilo, basi mtu asiache kumpa maji mtoto anayehara.)

Jambo la mwisho ni kutoa taarifa. Tangu mwaka 1996 kuna kanuni ziitwazo CONSORT, zimtakazo mtafiti aandike wazi idadi aliyopanga na jinsi alivyoipata. Yafaa aseme alitazamia tofauti gani, watu wangapi waliingia kweli, na kwa nini alisimama. Asipoandika, twajuaje kama hakusimama siku matokeo yalipompendeza?

Watu wakiwa wachache mno, wamejihatarisha bure. Wakizidi mno, wengine wamepewa dawa duni baada ya jibu kujulikana. Basi ukisikia dawa fulani imeponya, uliza: ilipimwa kwa watu wangapi, na idadi hiyo ilipangwa lini, kabla au baada? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza ujue ukubwa wa kibaba chenyewe.