Kutoka Jedwali Hadi Chati: Mwezi Usio na Ripoti si Sifuri

Sehemu iliyopita ilihusu majedwali na funguo zake, mfumo ambao Edgar Codd wa IBM aliuweka hadharani mwaka 1970. Leo tuifuate namba inapotoka kwenye jedwali hadi iwe mstari kwenye chati. Mfano wetu ni DHIS2, mfumo ambao watumishi wengi wa afya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huutumia kuripoti takwimu zao kila mwezi.

Mfumo huu ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo la kwanza lilikuwa la kompyuta ya mezani: takwimu zilihifadhiwa katika Microsoft Access, na Excel ikachora chati. Programu mbili za namna hiyo kwa kawaida huunganishwa na ODBC, kiunganishi kinachoiwezesha programu moja kusoma kanzidata ya nyingine. Kazi iliendelea hata pasipo intaneti, ila kila ofisi ilibaki na nakala yake, na nakala hazichelewi kutofautiana.

Toleo la pili ni la wavuti. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, wilaya zote zikaingiza takwimu katika seva moja. Katika mpangilio huu kivinjari hakiigusi kanzidata. Hupeleka ombi kwa seva. Seva hukagua kama mwombaji ana ruhusa, huiuliza kanzidata ya PostgreSQL, kisha hurudisha majibu, na hapo ndipo programu ya kuchora iliyo ndani ya kivinjari hufanya kazi yake. Nywila ya kanzidata haitoki kwenye seva. Anayeiandika ndani ya ukurasa wa wavuti amemgawia kila anayeufungua.

Namba haziendi moja kwa moja kutoka jedwali la mwanzo. Jedwali hilo lina mamilioni ya safu, kila moja ikisema ni takwimu gani, ya mwezi gani, ya kituo kipi, na thamani yake. Kuzijumlisha upya kila mtu anapofungua chati kungeilemea seva, kwa hiyo mfumo hutayarisha majedwali ya muhtasari, mara nyingi usiku. Ndiyo maana ripoti iliyoingizwa asubuhi huenda isionekane kwenye chati hadi kesho yake. Haijapotea.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni pengo. Chukua zahanati tatu: moja imechanja watoto 20 dhidi ya surua, nyingine 40, na ya tatu haikuleta ripoti. Ukiiomba SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, wastani, itairuka nafasi tupu na kujibu 30. Ukiijaza nafasi hiyo sifuri, itajibu 20. Majibu yote mawili ni hesabu sahihi, lakini la pili linadai kwamba zahanati ya tatu haikumchanja mtoto yeyote, na hakuna aliyesema hivyo. Vilevile, ukiunganisha jedwali la vituo na la ripoti kwa JOIN ya kawaida, kituo kisicho na ripoti hutoweka kabisa. LEFT JOIN inayoanzia jedwali la vituo hukibakiza kila kituo kilichomo, na ukimya wake ukaonekana.

DHIS2 yenyewe ina mtego hapa. Isipoelekezwa vingine, haihifadhi sifuri, kwa sababu sifuri nyingi hujaza nafasi bure. Kwa idadi ya wagonjwa wa nje, sawa. Kwa ugonjwa unaofuatiliwa kwa karibu, kama kupooza kwa ghafla kwa watoto, sifuri ni habari kubwa: maana yake mtu alitafuta na hakukuta. Takwimu za aina hiyo lazima ziwekewe alama kwamba sifuri yake ina uzito, na kazi hiyo ifanywe kabla ya ripoti ya kwanza kuingia, kwani sifuri ambayo haikuhifadhiwa hairudishwi kwa kuchora upya.

Kwenye chati yenyewe, acha mstari ukatike pale mwezi unapokosekana. Excel hukupa chaguo la kuliacha pengo, kulijaza sifuri, au kuunganisha nukta za pande mbili. Chagua la kwanza. Kando yake weka chati ndogo ya asilimia ya vituo vilivyoripoti. Chanjo zikishuka Aprili na ripoti nazo zimeshuka Aprili, mganga mkuu wa wilaya atajua aanze kwa kupiga simu zahanati kabla ya kuagiza kampeni.

Itaendelea: takwimu hizihizi juu ya ramani.